Sumaku Iliyobaki Ndani ya Chuma

Nekoye alifunga mizigo yake asubuhi ya Jumamosi bila kulia. Angemlilia nani? Nicanor alishatoka kitambo, kungali giza, akaenda kulala chali chini ya dainamo yake, ule mtambo wa kuzalisha umeme, kule kwenye kiwanda cha kahawa, na chai aliyoandaliwa ilikuwa mezani imeshika utando. Mwanamume huyo! Ukimpa chai anasahau chai, ukimpa mke anasahau mke, lakini skrubu moja ya dainamo ikilegea ataisikia hata akiwa ng'ambo ya mto.

Walioana kanisani kwao Kimilili, harusi ya vigelegele na ng'ombe wa kuchinjwa, kisha bwana harusi akarudi kazini huku Ruiru na kumwacha bibi harusi kwa mama mkwe. Krismasi alikuja, Krismasi akaondoka. Pasaka ya mwaka huo wa 1957 ndipo alipomwita mkewe kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika shamba la kahawa lililo upande wa Kalimoni. Nekoye alipanda gari moshi akijiambia, sasa nitapata mtu wa kuongea naye. Alipata nini? Alipata "Ee." Alipata "La." Siku Nicanor alipochangamka kweli kweli, alipata "Chumvi imezidi."

Halafu ikaja baridi ya Julai. We acha tu! Ukungu ulipanda kutoka mtoni ukaingia kwa nyufa za dirisha, na Nekoye akawa analala na sweta, na soksi za mumewe, na leso mbili kichwani, na bado miguu ikawa barafu. "Mimi naganda," alimwambia usiku mmoja. "Nikifa huku mtanisafirisha kwetu ama mtanizika kwa kahawa?"

"Ee," Nicanor akasema, akageukia ukutani.

Ee! Ee ya nini? Ya kusafirisha ama ya kuzika? Nekoye alilala macho wazi, akimhesabia makosa yake yote tangu siku ya harusi.

Siku chache baadaye Nicanor alikuja na ubao mdogo, akaupigilia ukutani juu ya kitanda, upande wa mkewe. Kwenye ubao kulikuwa na mkono wa shaba wenye mpini wa mti, umesimama ukielekeza juu, na kutoka hapo waya uliteremka nyuma ya kitanda, akaufunika kwa udongo vizuri usionekane. Uvunguni akasukuma vyombo vyake fulani, vimefunikwa gunia.

"Hiki ni nini?" Nekoye akauliza.

"Usiguse."

"Sijauliza kama niguse. Nimeuliza ni nini."

"Usiguse tu."

Hapo ndipo moyo wa Nekoye ulipofika mwisho. Mtu unamwambia unaganda, yeye anakujazia nyumba vyuma, tena anakukataza kuvigusa ndani ya nyumba yako mwenyewe! Akamtuma dereva wa lori la kahawa hadi Thika, kwa mjomba wake Jeconia, na ujumbe mfupi: njoo Jumamosi unichukue, nimechoka kuolewa na ukuta. Na Ijumaa jioni, alipokuwa akipanga nguo zake ndani ya kikapu, aliutazama ule mkono wa shaba, akautazama tena, akasema kwa sauti, "Usiguse, eh?" Akakitundika kikapu chote pale. Mkono ukashuka kach, ukakishika kikapu barabara. Kumbe kulabu nzuri namna hii! Nicanor aliingia gizani akatoka gizani, na hakuona kitu.

Mjomba Jeconia alifika saa nane mchana, vumbi hadi magotini, maana alishukia Witeithie akamalizia kwa miguu. Alikuwa ndugu ya mama yake Nekoye, mtu mnene mwenye huruma, anayefanya kazi katika kiwanda cha kuweka mananasi mikebeni. Chumba chake Thika kilikuwa karibu na maporomoko ya Chania, na kwa sababu ya kuzoea kushindana na maji, alikuwa akiongea kwa kelele hata ukiwa umekaa naye goti kwa goti.

"MWANANGU!" akapaza. "ANAKUPIGA?"

"Hapana, Mjomba. Polepole, majirani wanasikia."

"ANALEWA?"

"Hata pombe haionji. Haongei, Mjomba. Haniongeleshi. Nimekaa hapa miezi mitatu kama kiti."

Jeconia akakuna kidevu. Kupigwa alikuwa na dawa yake, ulevi pia, lakini hili la kutoongea hakujua alishike wapi. "Basi ni kwako," alisema, na safari hii sauti ilishuka kidogo. "Ukisema twende, leo utalala kwangu na kesho nitakupandisha gari. Ukisema ukae, nitageuza. Lakini useme leo, kwa sababu zamu zangu haziniruhusu kurudi tena hivi karibuni."

"Nimesema. Twende. Ila nitampitia nimuage, asije akasema nilitoroka."

Kikapu akakishusha mwenyewe kutoka ukutani, akampa mjomba akibebe. Ule mkono wa shaba ukabaki chini vile vile ulivyoshuka jana, na nani angeukumbuka?

Pale kiwandani walikuta umati. Nekoye alikuwa amesahau kabisa kwamba hiyo ndiyo siku ya Mwalimu Gathogo. Huyu Gathogo alikuwa mwalimu wa shule ya upande wa Kalimoni, mwembamba, mcheshi, mwenye koti la viraka na wazimu wa nyota. Miaka ile ya Hali ya Hatari mkusanyiko wowote ulitaka kibali, na Gathogo alikuwa ameombaomba mpaka akapewa alasiri moja tu, hii ya leo, aonyeshe wafanyakazi na watoto picha za mbinguni kwa taa ya kumulikia, watu wawe makwao kabla ya giza. Madirisha ya stoo ya kahawa yalishazibwa kwa magunia, shuka nyeupe imeshatundikwa. Kilichobaki ni stima ya kuwasha taa, na stima ndiyo haikuwepo.

Mvua za masika zilikuwa zimeleta matope yakakwamisha gurudumu la maji, na tangu hapo dainamo ilikuwa kimya. Nicanor aliifungua yote, akaiosha, akaifunga. Leo ndiyo ilikuwa ya kuamka. Maji yalifunguliwa, gurudumu likazunguka, mkanda ukapiga makofi, dainamo ikavuma vizuri tu. Lakini mshale wa kipimo ulipanda unywele mmoja, ukatetemeka, ukakaa hapo hapo.

"Nicanor, tunaaibika," akasema Macharia, karani wa kiwanda, akiangalia saa yake kila mara. "Watu wamejaa. Ni nini?"

Nicanor alinyanyua uso uliojaa grisi. Ndipo akamwona mkewe amevaa gauni la safari, na mjomba pembeni na kikapu. Akaangalia kikapu. Akaangalia gauni.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu," Nekoye akasema.

Alingoja. Mungu anajua alingoja. Angepata hata neno moja, hata "mbona", angelibeba hadi Kimilili likamtosha. Nicanor alipangusa mikono kwa tambara muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Kisha akainama tena kwa dainamo, na mabega yake yakawa yameanguka.

"Labda chuma kimesahau," Mwalimu Gathogo akasema, kwa sababu yeye kimya kilimwasha mwili. Akawageukia watu. "Mnajua hii kitu huanzaje? Nicanor ndiye alinifundisha. Haianzi bila kitu. Ndani ya chuma hubaki sumaku kidogo, ya tangu siku ilipofanya kazi mara ya mwisho. Kidogo sana! Ikizunguka, waya zinapita kwenye sumaku hiyo kidogo, zinatoa stima kidogo. Stima hiyo hairuhusiwi kwenda mahali, inarudi kuzunguka chuma kile kile, na sumaku inaongezeka. Sumaku ikiongezeka, stima inaongezeka. Inajilisha hivyo hivyo mpaka inashiba. Sasa ikiwa ile ya kwanza ilipotea wakati wa kuoshwa..."

"Haijapotea," Nicanor akasema bila kugeuka.

Lakini walijaribu. Walileta betri ya lori, wakagusisha waya ili chuma kikumbushwe. Mshale ukaruka, watoto wakashangilia, betri ikaondolewa, mshale ukaanguka. Wakarudia. Ukaanguka. Macharia akazima swichi kubwa, ile inayokata taa zote za kiwanda na za ofisi, ili dainamo isiwe na mzigo hata wa balbu moja. Bado.

Nicanor aliweka kiganja juu ya dainamo, akafumba macho. "Chembe ipo," akasema polepole. "Na inataka kukua. Lakini kuna kitu kinakunywa. Kila ikizaa tone, kitu kinalinywa kabla halijarudi kwa chuma."

"Ni nini kinakunywa na swichi kubwa imezimwa?" Macharia akafoka. "Hakuna waya mwingine hapa!"

Nekoye aliona uso wa mumewe ukibadilika. Grisi na yote, uliingia majivu. Akamwona anageuza kichwa, hamtazami Macharia, hatazami dainamo. Anamtazama yeye. Tangu aje Ruiru hakuwahi kutazamwa namna ile, na pamoja na hasira zake zote na kikapu chake chote, moyo ulimruka.

Nicanor alimjia mpaka karibu, akainama sikioni kwake. Alinuka mafuta na jasho. "Ule mkono wa ukutani," akanong'ona. "Uko juu ama chini?"

"Nilitundika kikapu."

"Kwa hivyo uko chini."

"Si ulikataa kuniambia ni nini!"

"Ningekuambia leo jioni," Nicanor akasema. "Ikishawaka. Nilitaka uone kwanza. Nekoye, waya ule unatoka hapa, nimeuunga nyuma ya swichi kubwa, upande wa dainamo, karani asiuone. Nenda uuinue. Tafadhali."

Tafadhali! Nekoye hakujua kama mtu huyu alikuwa na neno hilo ndani yake. Alishika gauni lake la safari kwa mikono miwili akakimbia, akapita katikati ya miti ya kahawa, akapita bomba la maji ambapo wanawake walimwuliza nyumba ya nani inaungua, akaingia ndani akapanda kitandani na viatu vyake. Akausukuma mkono wa shaba juu.

Kisha, kwa vile alikuwa peke yake na hakuna wa kumwambia usiguse, akaufuata ule waya. Ulishuka nyuma ya kitanda chini ya udongo, ukaingia uvunguni. Nekoye akapiga magoti, akavuta gunia. Si vyuma vya dainamo. Ilikuwa sinia pana la udongo wa mtoni, lililofinyangwa kwa mikono isiyojua kufinyanga, lina alama za vidole kila mahali. Ndani yake waya ulikuwa umepangwa mzunguko kwa mzunguko, hakuna uliogusa mwenzake. Juu yake kulikuwa na kipande cha bati kilichotobolewa ili blanketi lisiungue. Sinia lilikuwa chini ya mwisho wa kitanda, upande wake, mahali hasa ambapo kila usiku miguu yake hulala.

Mimi naganda, alikuwa amemwambia. Naye alijibu, "Ee."

"Mayi wee," Nekoye akasema. "Kumbe alisikia."

Alikaa sakafuni, na sasa ndipo akalia. Alilia na kucheka pamoja, akijiona mjinga na akimwona mumewe mjinga zaidi. Mtu anafinyanga udongo gizani siku zote hizo na hawezi kusema, mke wangu, nakutengenezea moto! Na yeye naye, kwa hasira zake, akatundika kikapu cha kuondokea pale pale, kikanywa kila tone. Akiwa bado anapangusa pua aliisikia kutoka kiwandani. Ile sauti nzito ya kuvuma ilianza kupanda, pole pole kwanza, halafu haraka, ikapanda mpaka ikawa wimbo mmoja ulionyooka, na watu wakapiga kelele iliyofika laini zote.

Aliporudi, stoo ilikuwa na giza la magunia, na watu wamebanana kwenye mikeka. Nicanor alisimama nyuma kabisa, kando ya taa ya kumulikia. Nekoye alipita miguu ya watu akaenda akasimama karibu naye. Mjomba Jeconia alikuwa mbele amekaa na kikapu mapajani, mdomo wazi, anautazama mwezi mkubwa kwenye shuka.

Mwalimu aliwaonyesha mwezi, akawaonyesha Zuhura, kisha akaweka picha ya vitu viwili hafifu, mfano wa maziwa yaliyomwagika mahali pawili. "Hivi ni viwingu vya kusini," akasema. "Si mawingu, ni nyota, nyingi mno, za mbali mno. Nyota tunazoziona kila usiku, jua letu likiwemo, ni za kundi moja kubwa, wanaliita galaksi. Hivi ni galaksi ndogo mbili, majirani zetu. Na huko nako, wataalamu wanasema, huenda kuna sumaku."

"Huko juu kuna chuma?" mzee mmoja akauliza.

"Kuna gesi, mzee, yenye umeme ndani yake. Inazunguka, inavurugika. Sumaku kidogo ikiwemo inavutwa, inakunjwa, inavutwa tena, na kila mara inaongezeka, bila mtu kuleta nyingine kutoka nje. Kwa galaksi kubwa kama yetu jambo hilo laeleweka, inazunguka kwa nguvu. Wanabishana juu ya hizi ndogo. Zinazunguka polepole. Na nyota kubwa zikifa hupasuka, zinapuliza gesi nje, na galaksi ndogo haina uzito wa kuishika. Gesi ikienda, inaenda na sumaku yake. Sasa watu wanauliza, kitakua vipi kitu ambacho kinavuja kila siku?"

Nekoye hakujua alikotoa ujasiri. "Lakini Mwalimu, bado inazunguka," akasema. "Hata polepole. Si ndiyo?"

Kando yake Nicanor akakohoa. "Na imebaki na chembe," akasema. Vichwa viligeuka, maana wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. "Ndogo si kosa. Ndogo inachelewa, basi. Dainamo yangu hii ni ndogo. Ukiiomba mwanga mapema inakufa mikononi mwako. Ukiiacha ijilishe kwanza, ikikomaa, itabeba mzigo wake na usiku kucha haitachoka." Akaongeza, "Mtu anaweza kudhani haina kitu. Anaangalia mshale, anaona umelala. Lakini kitu kipo. Kipo tangu zamani."

"Atīrīrī!" Gathogo akacheka kwa furaha. "Leo umehutubu! Ila nikuongezee moja, rafiki yangu. Kule, yale mapasuko yanayovujisha ndiyo hayo hayo yanayovuruga gesi ili sumaku ikue. Bila zogo kidogo hakuna kitu. Inakua mpaka inayozaliwa na inayopotea zinatoshana, ndipo inadumu."

Zogo kidogo. Nekoye aliuma mdomo asicheke, akaona hata Nicanor anaangalia chini.

"Tunaweza kuviona kwa macho?" mtoto akauliza.

"Si sasa. Desemba, jioni, chini chini upande wa kusini. Ngojeni Desemba."

Kibali kiliisha, watu wakatawanyika kabla ya giza, na watatu wale wakarudi laini bila haraka. Mjomba Jeconia alisimama mlangoni na kikapu, akiangalia jua. "HAYA, MWANANGU. Basi halingoji."

Nicanor alikuwa katikati ya chumba, mikono yake haijui ikae wapi. Alimtazama mjomba, akamtazama mkewe.

"Mimi maneno yananikwama," akasema. "Si kwamba hayapo. Nikiwa kazini nakuwaza, nayapanga vizuri. Nikifika hapa yanakwisha. Ukienda nitakuelewa. Lakini sitaki uende. Nilitaka nikuambie hivyo kule kiwandani, nikashindwa. Nakupenda, Nekoye. Sijui kingine cha kusema."

"Hicho kinatosha kwa leo," Nekoye akasema, na machozi yakaanza tena. "Nami nakupenda, mjinga wewe. Ningekukasirikia hivi kwa nini kama sikupendi? Lakini utakuwa unaniambia. Hata kidogo kidogo. Sitaki tena 'usiguse'."

"Ee," Nicanor akasema, akashtuka, akajirekebisha. "Nitakuwa nakuambia."

Mjomba Jeconia aliweka kikapu chini. Alikiweka taratibu, akavua kofia, akaivaa tena. "Kwa hivyo?" akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mjomba, si umesikia viwingu vinaonekana Desemba? Njoo tuvitazame pamoja."

Nekoye alipanda kitandani, safari hii bila viatu, akashika mpini wa mti. Kutoka kiwandani dainamo ilikuwa inaimba bado, sauti moja iliyonyooka, ikiendesha mashine ya kumenya kahawa ya siku.

"Nishushe?" akamwuliza mumewe. "Ama ni mapema?"

Nicanor alitega sikio. "Shusha," akasema. "Sasa imekomaa."

Akashusha. Kule kiwandani sauti iliguna kidogo, ikashuka, wote watatu wakashika pumzi. Kisha ikapanda tena mahali pake, ikaendelea.